Kisu Hakikuwahi

Saa moja asubuhi, Ephantus Githinji yuko ndani ya shimo hadi kiunoni. Udongo wa huku nje ya Plateau, karibu na Eldoret, ni mwekundu na mzito, unang'ang'ania koleo, na mvua ya jana imeuongezea ukaidi. Kila akirusha koleo moja juu, anageuza shingo kutazama upande uleule. Anahakikisha hakuna aliyemsogelea ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe amelala ubavu, hatua kama thelathini kutoka kwenye shimo. Ni Friziani wa madoa, tumbo limefura, miguu ya juu inaelea hewani. Puani ana uzi wa damu nyeusi ambao haujaganda, ingawa alikutwa amekufa tangu mapambazuko. Githinji amemziba pua, mdomo na nyuma kwa matambara yaliyoloweshwa dawa. Mwenyewe amevaa gambuti, glavu ndefu za mpira na barakoa mbili.

Ng'ambo ya ua wa waya wamesimama majirani kumi na mmoja. Wanne wamekuja na beseni. Wawili wana visu walivyovifunga kwa gazeti. Hakuna aliyewaita, maana huku habari ya ng'ombe kuanguka haihitaji mjumbe.

"Mzee Githinji," anaita Kiplimo, jirani wa shamba la pili, mwenye beseni ya buluu. "Si uiwahi tu na kisu? Hii kitu bado iko na joto. Nimeishika sikio."

Githinji anainuka shimoni. "Umeishika na mkono gani?"

"Huu."

"Enda uoshe na sabuni. Saa hii. Na usishike mtoto kabla hujaosha."

Kiplimo anacheka, anawatazama wenzake, kisha anaenda kuosha.

Githinji ana umri wa miaka hamsini na minne. Anaishi mtaa wa Langas, Eldoret, pamoja na mkewe, Wacera, anayeuza mboga karibu na nyumbani kwao. Kuna kazi ambazo mtu akikutajia unamwomba arudie, na yake ni mojawapo. Yeye huzika ng'ombe. Si kila ng'ombe anayemzika, la. Anaozika ni wale waliokufa ghafla, wakitoka damu, bila kuugua kwa kuonekana. Hao ndio wanaoshukiwa kuwa na kimeta.

Kwa kila shimo hupata shilingi elfu mbili, na kuna miezi inapita bila shimo hata moja. Hapo hurudi kwenye mjengo kubeba mawe. Tangu aanze kazi hii miaka mitano iliyopita amezika ng'ombe kumi na saba. Huyu wa leo ni wa kumi na nane, na ndiye aliyemnyima usingizi.

"Hao wengine wote nilizika ya watu," anasema. "Hii nazika yangu."

Ng'ombe si wake. Ni wa Jepchumba, mjane wa miaka arobaini na sita, ambaye wakati huu amesimama mlangoni pa jikoni lake, mikono ameifumbata, anatazama shimo likizidi kushuka. Majirani humwita Mama Brian, kwa jina la kifungua mimba wake anayesoma chuo Nakuru. Tangu Githinji afike hajamwambia neno zaidi ya kumwonyesha maji yalipo.

Ili kuelewa kauli ile ya Githinji, ni lazima kwanza mtu aelewe kisu.

Githinji alifika Langas akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akitokea pande za Nyahururu. Akajifunza kuchuna ngozi kwenye kichinjio kimoja kidogo pembezoni mwa mji. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mchunaji mzuri hatoboi ngozi hata mara moja, na yeye ng'ombe mzima alimmaliza kabla chai haijapoa. Alilipwa shilingi mia tatu kwa kila mmoja, na kichwa juu yake.

Lakini riziki iliyomjengea jina haikuwa ya kichinjioni. Ilikuwa ya mashambani, na ilikuwa na utaratibu wake.

Ng'ombe akianguka ghafla, mwenye shamba hutuma bodaboda mbio kumleta mchunaji. Mchunaji hufika, hupiga magoti, humkata ng'ombe koo. Akisha kukata huinuka, hufuta kisu kwenye nyasi, na kusema maneno mawili ambayo kila mtu anayangoja: "Kisu kimewahi."

Maana yake ni kwamba ng'ombe alikuwa bado na uhai. Amechinjwa, hakufa. Nyama hiyo si mzoga, ni nyama, na mtu aweza kuibeba nyumbani mchana kweupe. Mkaguzi wa nyama haitwi. Maneno yale mawili ndiyo muhuri.

Kisha mchunaji huwasha moto palepale, huchoma ini, na kipande cha kwanza humpa mwenye ng'ombe kwa mkono wake, pole ya hasara.

"Unajua hakuna mtu alikuwa anauliza," anasema Githinji. "Saa ingine ng'ombe imekauka kama ubao. Unakata, damu haitoki. Unasema kimewahi, na wote wanaitikia. Mtu amebeba beseni kutoka nyumbani, utamwambia arudi nayo tupu?"

Ndivyo ilivyo. Nani atauliza swali ambalo jibu lake litamnyima nyama? Watu wa huku husema vunja mifupa kama bado meno iko, na wengi wamevunja mifupa ambayo haikupaswa kuvunjwa, wakanywa na supu yake, wasiugue. Hapo ndipo penye mtego. Ng'ombe wengi hufa kwa mambo mengine. Mia wanaliwa salama, na huyo wa mia na mmoja ndiye mwenye kimeta.

Kimeta huletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho. Emmaculate Adoyo, mtaalamu wa maabara mjini Eldoret, amekitazama mara kadhaa chini ya darubini, na hakijamtoka akilini.

"Ni vijiti," anasema. "Vijiti vinene, vimefuatana kwa mstari kama mabehewa ya treni. Ukivipaka ile rangi yetu vinashika zambarau, na hata ukiosha haitoki. Ukiona hivyo, unafunga mlango kwanza ndio uite mkubwa wako."

Ukoo wa vijiti hivyo vya zambarau, anaeleza, ni mkubwa. Vingi havina neno na binadamu. Lakini kuna kile kinachoingia kwa kidonda cha msumari mchafu, au kwa kitovu cha mtoto kilichokatwa kwa wembe usio safi, kikaleta pepopunda. Kuna kinachokaba koo la mtoto kwa utando wa kijivu, ndicho cha dondakoo. Hivyo viwili chanjo za kliniki zimevifukuza kiasi kwamba akina mama wa leo wanavisikia kwa majina tu.

"Hii ya kimeta ndiyo bado inatembea na ng'ombe," anasema. "Na haina haraka. Ikipata hewa inajifungia ndani ya ganda, inalala kwa udongo. Miaka kumi. Miaka ishirini, hata zaidi. Siku ng'ombe itakula nyasi hapo na udongo kidogo, inaamka."

Ndiyo sababu mzoga haupasuliwi. Ng'ombe akizikwa mzima, vijidudu vingi huoza naye tumboni. Akipasuliwa, damu humwagika, hewa huingia, na mahali pale pamepandwa mbegu ambayo hakuna mvua itakayoiosha.

Githinji alipanda mbegu hiyo hapa hapa, kwenye malisho haya, Novemba moja miaka sita iliyopita.

Mwenye shamba wakati huo alikuwa Kipyego, mume wa Jepchumba. Hakuwa mteja tu. Wakati wa machafuko ya mwaka 2008, mji ulipowaka moto na majirani wakawa hawajuani, Kipyego alimficha Githinji na Wacera kwenye ghala lake la mahindi siku tisa. Aliwapelekea uji mwenyewe, usiku, kwa ndoo ya kulishia ndama, ili mtu akimwona asishuku. Baada ya hapo wakawa ndugu, wakitembeleana Krismasi na matanga.

Novemba hiyo Kipyego alikuwa na vibarua kumi na wawili wakivuna mahindi. Asubuhi moja ng'ombe wake mmoja akaanguka. Githinji akaitwa. Alifika baada ya dakika arobaini, bodaboda ilikuwa imepata pancha njiani.

"Nilishika masikio, yalikuwa baridi," anasema. Amesimama shimoni, ameegemea koleo, anaongea kwa sauti ya chini ili Jepchumba asisikie. "Nilikata. Damu ya mnyama hai inaruka. Hiyo ilitoka polepole, nyeusi, kama oili ya gari imetumika. Nikajua. Mimi mtu wa karibu miaka thelathini kwa hiyo kazi, nitakosa kujua?"

Jepchumba alikuwa amesimama karibu, ameshika beseni. Akamuuliza Githinji kwa jina la mtoto wake, "Baba Cate, kimewahi?"

Githinji akafuta kisu kwenye nyasi, akasema kimewahi.

Siku ya tatu kipele kikamtoka mkononi, chini ya kiwiko, mahali alipokuwa amejikwaruza kwa waya. Kilikuwa kinawasha tu, kama ameumwa na mdudu. Kikafanya malengelenge, kisha katikati pakawa peusi tititi kama makaa, na mkono ukavimba hadi begani. Wala hakikuuma. Wacera ndiye aliyeogopa.

"Nilimwambia kidonda haiwezi kuwa nyeusi hivyo na isiume," anakumbuka Wacera. "Nikamvuta hospitali na shati, karibu tupigane kwa geti."

Katika hospitali ya misheni walitambua ni kimeta, wakampa dawa, akapona. Alama imebaki, kovu la mviringo lililobonyea, pana kama sarafu ya shilingi ishirini.

Kipyego hakuwahiwa. Homa ilimshika, akatapika, tumbo likamkata na kutoa damu, na yeye mkulima wa watu akasema ni chakula tu, kitapita, mahindi hayajaisha. Alipofikishwa hospitali alikuwa hajijui. Alifariki siku ya pili yake. Vibarua wanne waliokula nyama ileile waliharisha, wakatibiwa, wakapona.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kifo cha Kipyego hakikumuumbua aliyekosa. Kilimwangukia mwingine.

Mama yake Kipyego, ambaye wajukuu wake na karibu kila mtu humwita Kogo, alikuwepo siku ile ya nyama. Aliona Jepchumba akipakua haraka kwa sababu vibarua walikuwa wakilalamika njaa. Kwenye matanga alisema mbele ya watu, kwa utulivu, kwamba mwanawe ameuawa na sufuria. Nyama haikuiva.

Tangu siku hiyo Kogo hajaonja kitu kilichopikwa na mkaza mwanawe. Anaishi mtaa wa Munyaka kwa mwanawe mwingine. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya kanisa, huletwa shambani kulitazama kaburi la Kipyego. Huja na chupa yake ya chai na mkate wake ndani ya mfuko. Huketi kivulini, hunywa, hufunga chupa, huaga. Miaka sita.

Na Jepchumba alikubali. Hilo ndilo linalomuuma Githinji kuliko yote. Mjane yule aliamini kwamba ni yeye.

Jikoni mwake, juu ya rafu ya chumvi, kuna saa ya kengele ya plastiki nyekundu. Nyama huichemsha kwa muda wa saa nne, akizipima kwa saa hiyo, mpaka ikaachana na mfupa na kuwa kama uji. Watoto walizoea kumtania kwamba kwa mama yao hakuna haja ya meno. Wao hawakujua kwa nini, na yeye hakuwaambia.

"Kila siku nilikuwa nasema kesho nitamwambia," anasema Githinji. Anachimba kidogo, anasimama tena. "Kwanza nikaogopa. Mimi Mkikuyu, niko kwa boma ya Mkalenjin, mwenye boma amekufa kwa kisu yangu. Na huyo mtu ndiye alinificha. Ungesema? Halafu nikaona aibu. Aibu iko mbaya kuliko uoga. Uoga unaisha."

Aliacha kuchuna. Kisu akakitupa chooni. Wamalwa, daktari wa mifugo wa wadi, alipokuwa akitafuta mtu wa kuchimba mashimo ya mizoga, Githinji alijitokeza kabla hajauliza malipo.

Mwaka huohuo alinunua daftari la shule la kurasa thelathini na mbili. Akaandika humo kila mahali alipokumbuka kumpasua ng'ombe aliyekuwa tayari amekufa, damu isiyoganda ikitoka puani. Yakafika mashamba tisa. Akaanza kuyarudia, moja baada ya jingine. Hubisha hodi, huvua kofia, husema alichofanya, humwonyesha mwenye shamba mahali, humwomba apazungushie waya asilishe wala asilime. Wawili walimfukuza. Mmoja alimfungulia mbwa. Mwingine alimpa maziwa na kumwambia ndiye mtu wa kwanza kuomba msamaha katika shamba lile tangu walinunue.

Mashamba manane yana alama ya tiki ya wino wa buluu. La tisa ni la Jepchumba.

Wamalwa anafika saa mbili na nusu kwa pikipiki, na kisanduku chake cha baridi. Anachukua damu kidogo kwenye mshipa wa sikio, anaipaka kwenye vioo viwili, anavifunga. Anawageukia wale wa ng'ambo ya ua.

"Nani amegusa?"

Kiplimo anainua mkono, polepole.

"Umeosha?"

"Nimeosha. Na mzee ameniosha na maneno."

Watu wanacheka kidogo. Wamalwa anaandika jina lake na namba ya simu, anamwambia akiona kipele chochote asingoje wiki, aende hospitali aseme ameshika ng'ombe. Kicheko kinaisha.

"Na tukichemsha sana?" anauliza mwanamke mmoja mwenye beseni. "Mimi nina jiko ya kuni, naweza chemsha kutwa."

"Mama, hii haiokolewi na jikoni," anajibu Wamalwa. "Ile ganda ya huyo mdudu inaweza kukaa kwa maji ya moto na isife. Na kabla ifike kwa sufuria, wewe umeishika, umeikata, umeibeba, mtoto amelamba kidole. Nyama ya kimeta ikifika jikoni, mmechelewa. Kosa haianzi kwa sufuria. Inaanza kwa kisu."

Mlangoni pa jikoni, Jepchumba anafumbua mikono.

Hakuna aliyemwona isipokuwa Githinji. Anakishika kipini cha koleo kwa mikono miwili, na kwa muda mrefu hachimbi.

Shimo linafika kina cha kupita kimo chake. Wanapanga kuni za mkaratusi chini, wanamburuta ng'ombe kwa kamba na trekta la jirani, mzima, bila tundu. Wanammwagia dizeli. Udongo uliolowa damu chini ya pua yake, Githinji anaukwangua wote na kuutupa shimoni. Moto unapowaka majirani wanarudi nyuma, na harufu ni ile ambayo kila mtu pale anaijua vizuri, ya nyama choma. Mtu mmoja anasema, "Mungu anatujaribu." Wanaanza kuondoka, beseni mikononi, tupu.

Wamalwa anawachanja ng'ombe watatu waliobaki, anamwambia Jepchumba asiruke chanjo ya mwaka kama alivyoruka iliyopita, anaondoka kwenda kwa majirani. Shimo linafukiwa saa sita. Githinji anachoma glavu, anaosha gambuti, anaosha mikono hadi viwiko, mara mbili.

Ndipo Jepchumba anapotoka jikoni na kumjia.

"Baba Cate, nikuulize kitu," anasema. "Shamba ni ekari nne. Mbona ni hapa hapa? Mbona imekufa palepale ile ya kwanza ilikuwa?"

Ni swali la mkulima, na alistahili kuliuliza miaka mingi iliyopita. Githinji anavua kofia. Anaomba kuketi. Anaketi chini, kwenye majani, na Jepchumba anabaki wima.

"Mama Brian, ile siku uliniuliza kama kisu kimewahi."

"Nakumbuka."

"Hakikuwahi."

Jepchumba anatazama shimo lililofukiwa.

"Nilipata imeisha. Masikio yalikuwa baridi. Nilikata tu, na ile damu nilimwaga ndiyo iko kwa hii udongo mpaka leo. Hii ng'ombe ya leo pia ni mimi. Nikainuka nikakwambia kimewahi kwa sababu watu walikuwa wanangoja, na kwa sababu nilikuwa nimezoea kusema."

"Endelea."

"Na ini nilichoma mimi. Pale kwa hiyo mti. Kipyego alikula kutoka mkono yangu, na ilikuwa bado nyekundu ndani, vile alikuwa anapenda. Nyama yako ilikuwa haijaingia jikoni. Sio sufuria, Mama Brian. Haikuwa sufuria hata siku moja."

Jepchumba anatazama mti. Anatazama jikoni, kama mtu anayepima umbali wa kutoka hapa hadi pale.

"Alikula kabla niwashe moto?"

"Kabla uwashe moto."

"Nilikuwa nimeenda kuteka maji."

"Ulikuwa umeenda kuteka maji."

Anafungua kitambaa cha kichwa, anakikunja, anakifunga tena. Kisha anaketi, hatua tatu kutoka kwa Githinji, na kulia. Halii kwa sauti. Machozi yanashuka tu na yeye hayafuti. Githinji hathubutu kusogea wala kuondoka. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Githinji ilikuwa ya miaka sita, na aliyeitembea kwa miguu ni mwanamke huyu.

"Miaka sita napika na saa," anasema hatimaye.

"Najua."

"Hujui." Anamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Sijakusamehe. Usifikirie nimekusamehe. Huyo mtu alikuficha hapa."

"Sijaomba."

"Na usiombe leo. Jumapili Kogo anakuja. Utakuja na wewe. Utamwambia vile umeniambia, yote, na hiyo ya ini. Usipunguze."

"Nitakuja."

"Mimi nitapika. Ukimaliza kusema, nitapakua."

Anamgeukia mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amesimama kando muda wote akitamani ardhi immeze. "Na wewe andika. Andika na jina langu. Lakini Kogo asisikie kwa gazeti kwanza, asikie kwa mdomo ya huyu."

Anahakikishiwa kwamba gazeti hutoka Jumapili hiyohiyo, na kwamba Kogo, kwa maelezo ya wajukuu wake, hasomi chochote kabla ya kanisa isipokuwa Biblia.

Jioni, nyumbani Langas, Githinji analitoa daftari na kulifungua ukurasa wa tisa. Wacera anampa kalamu. Anaishika kidogo, kisha anairudisha mezani bila kuandika.

"Hiyo tiki itangoja Jumapili," anasema. "Leo nimesema nusu."

Mipango yake si mikubwa. Ametenga malipo ya shimo la leo anunue waya na nguzo, azungushie mahali pale kwa mikono yake, Jepchumba akimruhusu. Amezungumza na Wamalwa wafike kwa wachunaji wa vichinjio vidogo, hasa vijana, awaonyeshe kovu lake na awaambie maneno yale mawili yaliua nani. Anataka wajifunze kusema maneno mengine, ambayo yeye mwenyewe yalimchukua miaka sita kuyatamka. Kisu hakikuwahi. Rudini nyumbani na beseni zenu.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza ni Jumapili. Atapanda boda asubuhi, bila kubeba kitu, maana Jepchumba amemwambia asibebe kitu. Kogo ataketi kivulini na chupa yake ya chai. Githinji atavua kofia na kusema. Baada ya hapo bibi kizee wa miaka themanini na mmoja ataamua kama atafungua chupa yake au atapokea sahani.

"Hiyo sio yangu," anasema Githinji. "Yangu ni kusema kabla sufuria ifunuliwe."

Jepchumba naye ameitoa saa nyekundu juu ya rafu ya chumvi na kuifungia kabatini. Anasema ataipika nyama kama alivyofundishwa na mama yake, ataionja kwa mdomo wake, na ikiiva ataitoa.

Ukisoma haya asubuhi, msomaji, sufuria bado iko motoni.